Ombi Limetoka Sindo: Nani wa Kuulizwa?

Ujumbe huja hivi, na Mkenya aliyekaa ughaibuni hata miaka miwili ameshaupata. "Bwana asifiwe, mtumishi wa Mungu. Mimi ni mchungaji kutoka Sindo, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Tuna watoto yatima 43, wazazi wao walichukuliwa na UKIMWI. Hawajala tangu juzi. Tafadhali guswa na lolote." Chini yake kuna picha tatu: watoto wameketi sakafuni na sahani tupu, jengo la mabati, na mtu mwenye kola nyeupe akiomba macho yakiwa yamefumbwa. Nimeuunganisha mwenyewe kutokana na jumbe nyingi zinazofanana, hata hiyo idadi ya watoto ni yangu, kwa hiyo asitafutwe mchungaji yeyote wa kuukana.

Anayeupokea, awe Minneapolis, Doha au hapa Nairobi, huuliza: ni kweli au ni uongo? Nimekagua hesabu za vyama na vikundi vya kijamii kwa muda mrefu, na naona swali hilo ndilo linalowaponza wengi, maana ujumbe ule ukiuchambua neno kwa neno unaweza kuwa kweli karibu wote. Sindo ipo, mji wa soko ulio ufuoni katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Yatima wapo: makadirio ya serikali ya mwaka 2014 yaliweka maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Homa Bay karibu asilimia 26, juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na watoto walioachwa na miaka ile ya vifo walilelewa na nyanya zao. Njaa nayo ipo. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka ili samaki wazaane, na katika miezi hiyo nyumba nyingi za ufuoni hulala na uji.

Tapeli anayeijua kazi yake hatungi msiba. Huchukua msiba uliopo, wa watu waliopo, akauwekea namba yake ya simu.

Kwa hiyo swali la kweli na uongo mimi huliweka kando kwanza, nikauliza mengine mawili. Pesa hii ikitoka kwangu inaangukia mkononi mwa nani? Na ni nani aliye jirani naye anayeweza kumuuliza imekwendaje? Mwombaji mkweli huwa na majibu ya yote mawili hata kama hajui kuandika vizuri. Sarufi mbovu na herufi kubwa kila mahali, ambazo wengi huzihesabu kuwa dalili ya ulaghai, si dalili ya chochote. Wapo wajane wasiojua kupanga sentensi, na wapo wakora wanaoandika kama mawakili.

Tuanze na tumbo, kwa sababu chakula ndicho kinachoombewa pesa zaidi na ndicho rahisi kukipigia hesabu. Mtoto anayekunywa uji asubuhi na kula ugali mara mbili mpe gramu 400 za unga kwa siku. Watoto 43 watamaliza kilo 17 na ushei. Kwa wale wanaopima kwa gorogoro la kilo mbili, ni magorogoro tisa hivi. Kwa wiki ni kilo 120, yaani gunia moja la kilo 90 na theluthi ya lingine. Hata mahindi yakipanda hadi shilingi 6,000 kwa gunia, hiyo ni shilingi 8,000. Zidisha mara nne ili upate omena, maharagwe, sukuma wiki, mafuta, kuni na gharama ya kusaga, ufike 32,000. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, tunazungumzia dola 250.

Sasa mchungaji anaomba dola 3,000 za "chakula cha wiki hii". Hapo huhitaji mpelelezi. Anayelisha watoto 43 kikweli anaijua hesabu hii kuliko mimi. Ana mwenye duka anayemkopesha, anajua deni lake limefika wapi, na ukimuuliza gunia kwao linauzwaje wakati huu atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, tena kwa kulalamika. Tapeli atakujibu kwa mstari wa Biblia. (Sina ugomvi na Biblia, nina ugomvi na mtu asiyejua bei ya unga.)

Hata hivyo, ombi dogo si thibitisho la uaminifu. Wengi huanza na dola 20 za dawa ya malaria, wakakushukuru kwa video ya mtoto akikutaja jina, na baada ya wiki tatu za salamu na maombi ya alfajiri paa la kanisa linaezuliwa na upepo. Wanaoongoza michezo hiyo wanajua kwamba aliyetoa mara moja huona aibu kukataa mara ya pili. Kuna pia njia ya malipo. Ukiambiwa ununue kadi za zawadi za Apple au utume sarafu za kidijitali, funga mazungumzo hapo hapo, kwa kuwa mwenye duka la nafaka wa Sindo hauzi unga kwa kadi ya Apple. Anauza kwa noti au kwa M-Pesa.

Picha ni ushahidi hafifu kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo, itafute kwa Google Lens au TinEye, na ukikuta watoto wale wale wakiombewa chakula mahali pengine kwa jina lingine, kazi imekwisha. Lakini usipoikuta, hujapata kitu. Picha iliyopigwa jana kwa simu na kurushwa WhatsApp haimo katika hifadhi ya mtambo wowote wa kutafutia, na siku hizi programu ya akili mnemba inatengeneza yatima ambaye hakuzaliwa na mtu. Wala simu ya video haikati mzizi wa fitina. Mbinu ya kuwakusanya watoto wa mtaa, kuwapa wali na soda mgeni anapotazama, kisha kuwaachia warudi kwa mama zao jioni, ni ya zamani kuliko simu zenyewe. Watoto wengi wanaoishi katika makao ya yatima duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Jambo hilo mashirika ya watoto yamelisema kwa miaka.

Anayedhani udanganyifu huu ni wa Waafrika peke yao atazame jimbo la New Jersey, Marekani. Novemba 2017 wapenzi wawili, Mark D'Amico na Katelyn McClure, walieleza katika tovuti ya michango ya GoFundMe kwamba gari la Katelyn liliishiwa mafuta barabarani, na kwamba mtu asiye na makao, Johnny Bobbitt, alimnunulia mafuta kwa dola zake 20 za mwisho. Watu zaidi ya 14,000 walichanga zaidi ya dola 400,000. Bobbitt alikuwa mtu wa kweli, aliwahi kuwa mwanajeshi kweli, alilala nje kweli. Alihojiwa, akapigwa picha, akasifiwa. Hadithi ndiyo iliyokuwa ya kupanga, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mpango. Ilikuja kujulikana mwaka 2018 kwa sababu tu waligombania pesa wakafikishana mahakamani. GoFundMe ikawarudishia wachangaji fedha zao na wapangaji wakahukumiwa. Vyombo vya habari vilivyoisambaza hadithi ile vilitazama sura zilizokuwa mbele ya kamera, na sura zote zilikuwa halisi. Daftari la matumizi halikuulizwa na mtu.

Nirudi ziwani, kwenye karatasi. Mwombaji atakutumia cheti, na cheti kina mihuri. Ujue kinasema nini. Cheti cha kikundi cha kijamii hutolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, na maana yake ni kwamba watu fulani walijiandikisha. Hakisemi kwamba wanakula haki. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 ikakaa kabatini hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Yenye uzito zaidi kwa ombi la aina yetu ni habari ambayo wachangaji wengi wa nje hawajaisikia: tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na Mkakati wa Kitaifa wa Marekebisho ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia. Kwa hiyo ukiambiwa "makao yetu tuliyafungua 2021 na yamesajiliwa kikamilifu", mojawapo ya hayo mawili halisimami. Pengine ni mama mwenye moyo anayelea watoto wa ndugu zake na kuita nyumba yake makao kwa sababu wazungu hulielewa neno hilo. Basi aseme hivyo. Familia inayolea yatima haihitaji cheti, na kusaidiwa kwake ni rahisi zaidi.

Kuna ishara moja ambayo mimi siivumilii hata kwa mwombaji mkweli. Ni ukurasa unaomwonyesha mtoto uso wake, jina lake, na maneno kwamba ana virusi. Sheria ya Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 hairuhusu hali ya mtu itangazwe hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mtoto wa Sindo atakua, atatafuta kazi Homa Bay au Mombasa, na jina lake litakuwa bado linaelea mtandaoni na ugonjwa wake. Anayemuuza hivyo leo kwa nia njema simpi pesa. Namwandikia aifute picha kwanza.

Basi nani wa kuulizwa? Sindo si Nairobi, ambako mtu anaweza kuishi ghorofa ya tatu miaka mitano asijulikane na wa ghorofa ya pili. Kuna chifu wa lokesheni na naibu wake, na wazee wa vijiji chini yao. Kila ufuo wa kushushia samaki una BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, chenye orodha ya wanachama, mwenyekiti na mweka hazina. Kuna walimu wakuu. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, kuna mtu aliyepangiwa kuzitembelea nyumba za mtaa ule moja moja, na anajua ni ipi yenye mgonjwa na ipi yenye njaa. Nyumba yenye watoto 43 haiwezi kufichika kwa watu hawa. Ingefichika vipi, na watoto 43 huchota maji kila siku?

Sharti ni moja: namba ya unayemuuliza isitoke kwa mwombaji. "Mpigie chifu wetu, namba yake hii hapa" ni mlango wa chumba kile kile. Barua ya chifu yenye muhuri mwekundu nayo huchongwa kwa bei ndogo. Tafuta mtu kwa njia yako: mwenzako wa chuo aliyezaliwa Magunga, dereva wa matatu ya Mbita, shangazi wa jirani yako kanisani. Wajaluo wa ughaibuni wana vikundi vya WhatsApp vya kila kata. Ndani ya saa moja utampata mtu wa Sindo au wa karibu yake.

Kisha usimtie maneno mdomoni. Ukiuliza, "Mchungaji fulani ana yatima 43, sivyo?" atakujibu ndiyo kwa adabu. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Samahani kwa usumbufu, nimepewa namba yako na mtu wa Nyandiwa. Kuna mchungaji fulani hapo kwenu, unamjua?"

"Namjua. Kanisa lake liko karibu na shule."

"Anashughulika na nini zaidi ya kanisa?"

"Ana shamba. Na ana watoto hapo nyumbani, wake na wa marehemu dada yake, na wengine wawili watatu aliowachukua. Kama tisa hivi. Karo yao inamsumbua kidogo."

Tisa, si arobaini na watatu. Hapa ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaogawa maombi mafungu mawili, halali na haramu. Yako matatu. Kuna uongo mtupu, ambapo mwandikaji yuko mji mwingine kabisa na Sindo ameiona kwenye ramani. Kuna msiba wa kweli ulioibwa, picha ya mgonjwa ikasambazwa kwa namba isiyo ya ndugu zake. Namba inapobadilishwa huku maneno yakibaki yale yale, familia yenyewe huwa ya mwisho kujua. Na kuna hili fungu la tatu, ambalo kwa ninavyoona ndilo kubwa: shida ya kweli yenye tundu katikati. Mchungaji analea tisa, akaandika 43 kwa sababu aliambiwa tisa hawamgusi mtu. Pesa iliyokuja mwaka jana ilinunua unga, ikalipa pia karo ya mwanawe wa kumzaa, na iliyobaki ikawa mabati.

Kisheria, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kupata mali kwa kisingizio cha uongo ni kosa la kifungo cha hadi miaka mitatu, na wala hakisemi kwamba kisingizio kikichanganywa na ukweli kinasamehewa. Mimi si hakimu. Ninachofanya ni kumwandikia: "Mchungaji, nimesikia una watoto tisa. Nipe majina ya shule zao na namba zao za usajili, nitalipa karo ya wanne muhula huu kwenye akaunti ya shule." Akikubali, watoto wanne wamesoma na hesabu yangu iko safi. Akisema pesa ya shule iletwe kwake kwanza kwa sababu benki ina matatizo, nimepata jibu langu bila kugombana na mtu.

Lipa kule deni lilipo. Kanuni hiyo peke yake imewaokoa wachangaji wengi kuliko mitambo yote ya kutafutia picha. Karo ina akaunti ya shule. Bili ya hospitali ina namba ya Paybill ya hospitali na namba ya mgonjwa aliyelazwa, na idara ya malipo itakwambia kama namba hiyo ipo na salio ni kiasi gani, hata kama haitakwambia anaumwa nini, na haipaswi kukwambia. Tazama pia kama safari ya ugonjwa inaleta maana. Kesi nzito za ubongo au moyo haziishii Sindo. Hupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay, au Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, au Eldoret, au Kenyatta, na kila hatua huacha barua ya rufaa. Mwenye mgonjwa huwa na bahasha imejaa karatasi mpaka zinachanika kwenye mikunjo. Asiye na hata moja ana la kueleza.

Mfano wa jinsi jambo linavyofanywa vizuri tunao hapa hapa nchini. Agosti 2015 mwandishi Jackson Biko alieleza habari za kijana Emmanuel Otieno, aliyejulikana kwa jina la Jadudi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na aliyehitaji shilingi milioni moja akapasuliwe India. Kwa siku chache Wakenya walichanga zaidi ya milioni sita. Wengi hukumbuka kasi ya mchango. Mimi huwakumbusha mfereji wake. Pesa ziliingia kwa Africa Cancer Foundation, shirika linalojulikana lilipo na linaloongozwa na watu wenye majina, si kwenye laini ya simu ya binamu. Jadudi alifariki Desemba 2017. Mchango ule haukuwa wa kupotea kwa sababu hiyo, kama wanavyodai wanaodhani mgonjwa akifa basi walitapeliwa.

Baba zetu walijua kabla ya intaneti kwamba pesa ya mchango lazima iwe na mtu wa kuulizwa. Katika harambee ya kijijini mchango husomwa kwa sauti: fulani, shilingi mia tano, fulani, mbuzi. Mweka hazina anaandika mbele ya watu wote, na kesho yake kila mtu anaweza kumsimamisha njiani. Orodha ya WhatsApp inayonakiliwa na kuongezwa jina moja moja inajaribu kuwa daftari lile, lakini inakosa kitu kimoja. Haionyeshi kilichotoka. Majina kumi ya kwanza pia yanaweza kuwa ya kubuni, yawekwe pale ili jina lako la kumi na moja lisione haya. Ukiwa kwenye kundi la mchango, omba taarifa ya M-Pesa ya namba inayopokea, na uiombe mapema, pesa zikiwa bado chache, kabla mtu hajaona kwamba anashukiwa.

Kuhusu M-Pesa yenyewe: kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Lisome. Jina likiwa la mtu asiyetajwa popote katika ombi, simama uulize. Ukituma ukagundua mapema, pitisha ujumbe wa muamala kwenda 456 uombe urudishiwe, na ripoti ya ulaghai ipeleke 333. Mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, kurudishiwa ni bahati.

Wanaobaki ni wale ambao vipimo vyangu vyote vinawaangusha wakiwa wakweli. Mvuvi aliyehama kutoka upande wa Uganda na kupanga chumba ufuoni, hana ukoo hapa, chifu hamjui. Msichana aliyemkimbia mume na hataki jirani yeyote aulizwe, kwa sababu jirani ni shemeji. Mtu kama huyu akiomba, ukimya wa majirani si hatia yake, na kumtaka alete barua ya mzee wa kijiji ni kumrudisha alikokimbia. Kwa mvuvi, BMU ya ufuo anaovulia huenda inamjua hata kama chifu hamjui, maana aliingia kwenye mtumbwi wa mtu. Kwa msichana, muulize muuguzi aliyempokea, au namba 116 ya msaada wa watoto kama umri wake ni chini ya miaka 18, bila kutaja kijiji. Na pale ambapo hata hao hawapo, mimi hutoa kiasi ambacho kikipotea sitakitafuta, nikakilipa dukani au hospitalini, kisha nikapiga simu kesho yake kuuliza dawa ni za siku ngapi.